Mambo ya Shamba: Ukungu Ndani ya Nyumba ya Plastiki

Wako wakulima wa Kitale na Bungoma wanaodhani kwamba nyumba ya plastiki ikizuia mvua imezuia na ukungu. Sivyo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Nyumba ikifungwa kabisa jioni, mvuke wa udongo na wa majani hauna pa kutokea. Hugeuka maji na kuilowesha minyanya mpaka asubuhi. Hapo ndipo bakajani chelewa hustawi. Majani hupata madoa kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto, kisha huwa meusi. Alfajiri utando mweupe huonekana chini ya jani. Nyumba nzima yaweza kuangamia katika muda wa wiki moja au mbili.

Ugonjwa huu ndio ulioangamiza viazi vya Ireland tangu mwaka 1845, na hapa Kenya ulionekana mwaka 1941. (Wataalamu wa leo hawauhesabu kuwa ukungu hasa, lakini mkulima hapati hasara kwa kuuita hivyo.) Viazi na nyanya huambukizana, na viazi hulimwa katika mitelemko ya Mlima Elgon, upepo hufanya kazi iliyobaki. Basi yafaa nyumba ipitishe hewa, maji yatiwe shinani asubuhi, na majani ya chini yakatwe. Dawa ya mankozebu hukinga jani zima; jani lililokwisha kuoza haliliponyi.

Bungoma iko chini zaidi na ina joto, na huko mnyauko wa udongoni nao ni wa kuogopwa. Mche ukinyauka, mwenyewe hukimbilia dukani kununua dawa ya ukungu, na huenda fedha zote zikapotea bure. Kwanza na akate kipande cha shina karibu na ardhi, akining'inize katika gilasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka baada ya dakika chache, hao ni bakteria, wala dawa ya ukungu haiwadhuru. Miche hiyo ing'olewe na kuchomwa moto; nyanya, biringanya, pilipili na viazi visipandwe hapo kwa miaka kadhaa. Kwa kuwa nyumba haihamishiki kwa urahisi, wengine hupanda katika mifuko yenye udongo safi.

Uzi usipoonekana, na ndani ya shina mna rangi ya kahawia, yaelekea ni ukungu wa fusari. Mche uliougua hauponi. Msimu ujao itafutwe mbegu inayoustahimili, na pakiti yake huonyesha hivyo.