Kiingereza cha darasani na Kibemba cha sokoni

Wenzangu wengi wa kitivo, ukiwatajia likizo, wanaota Paris au Brussels. Mimi likizo iliyopita nilielekea kusini, kwa basi, pamoja na mama mkubwa. Tulitoka Lubumbashi, tukavuka mpaka Kasumbalesa, tukapita Kitwe na Lusaka hadi Livingstone, mji wa Zambia ulio karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Mama mkubwa amefanya biashara ya unga mpakani miaka mingi, lakini hakuwahi kusafiri ili kupumzika tu. Alilipa karibu gharama zote. Sharti lake lilikuwa moja: "Wewe unasoma Kiingereza. Utakuwa mdomo wangu."

Naandika kwa sababu sikuwa mdomo wake.

Siku mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Nilimsomea vibao vya makumbusho. Nilimweleza kwamba Livingstone ulikuwa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini hadi 1935, na kwamba reli iliyofika mji wetu mwaka 1910 ilipita juu ya daraja lile la maporomoko, lililojengwa 1905. Nilipotaka kumfafanulia jina Mosi-oa-Tunya, alinitangulia: "Mosi si moshi?" Ndiyo, moshi unaonguruma. Nilicheka, sikujua bado kwamba nimepewa onyo.

Siku ya tatu tulipanda mashua ya matembezi kwenye mto Zambezi, saa mbili hivi, kutazama jua likizama. Mfanyakazi alishika kipaza sauti akatoa maelezo ya usalama, kwa haraka, injini ikinguruma. Niliokota maneno matatu: mto, tafadhali, mamba. Mama mkubwa akauliza, "Anasema nini?" Nikajibu, "Anatukaribisha."

Nilidanganya. Niliona haya kusema sikuelewa.

Baadaye viboko walijitokeza upande wa kushoto. Abiria wote wakakimbilia huko. Mama mkubwa naye akainama juu ya chuma cha ukingoni, mkono mmoja nje, simu mkononi. Mfanyakazi alimrukia akamshika bega, akamkemea. Mimi nikabaki na kigugumizi. Mama mkubwa akamtazama yule kijana, akasema kwa utulivu: "Mwapoleni mukwai." Kijana akatabasamu. Kumbe ni mtu wa Kitwe. Akamweleza upya yote kwa Kibemba: majaketi ya kuokolea yako wapi, kwa nini watu wasijazane upande mmoja, kwa nini mikono isitoke nje. Kisha mama mkubwa akanigeukia, akanitafsiria kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa lugha wa mwaka wa tatu nilitafsiriwa na mama ambaye hakumaliza shule ya msingi.

Najua kuna watakaosema: basi ongezeni Kiingereza. Wana haki nusu. Kiingereza chetu ni cha sarufi na maandishi. Tunaweza kuchambua sentensi ubaoni, lakini hatujazoea kumsikiliza mtu anayesema haraka, tena kwa matamshi ya Zambia. Hilo lirekebishwe.

Nusu ya pili ndiyo tunayoikwepa. Tunasoma lugha kama ngazi ya kupandia Ulaya, na jirani hatumwoni. Zambia ina lugha saba za mikoa zinazotambuliwa rasmi, nazo Kibemba, Kilunda na Kikaonde zina wasemaji upande wetu pia. Kiswahili chetu cha Lubumbashi chenyewe kimejaa maneno ya Kibemba. Lakini mwanafunzi akizungumza Kibemba kwenye varanda ya kitivo, anachekwa kama mtu wa kijijini. Tunacheka kile ambacho kingemwokoa mama yetu majini.

Tutaambiwa hakuna fedha za kuajiri walimu. Kwa kuanza, hatuhitaji kuajiri. Wenzetu wa Sakania na Kasenga wanakaa nasi kwenye viti vilevile. Saa moja kila juma, chini ya mti, bila mtihani, yatosha: wao watuzungumzishe, sisi tujibu na kukosea. Aliye tayari kuanza anitafute, mimi nitakuwa mwanafunzi wa kwanza.

Na kwa wanaojiandaa kuwa watafsiri, nina neno moja. Makosa yangu makubwa pale mashuani hayakuwa kutoelewa maelezo. Yalikuwa kujifanya nimeelewa. Mtu aliyekukabidhi mdomo wake amekukabidhi pia usalama wake. Kama hujasikia, mwambie hujasikia, naye atatafuta mdomo mwingine. Mama mkubwa alikuwa nao siku zote, mimi ndiye niliyemzuia kuutumia.