Hundi Mkononi mwa Mwanafunzi

Tangu ilipoanza, kazi ya kuwekeza katika kampuni changa imerithishwa kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Mwaka 1946 ilianzishwa jijini Boston kampuni ya American Research and Development, na aliyekuja kuiongoza ni Georges Doriot, jenerali mzaliwa wa Ufaransa ambaye pia alikuwa akifundisha Harvard Business School. Mwaka 1957 kampuni hiyo iliweka dola 70,000 kwa wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, waliotaka kutengeneza kompyuta. Digital Equipment, kampuni waliyoianzisha, ilikuja kuwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola.

Kisa hicho husimuliwa sana. Kinachosahaulika ni waliokaa darasani kwa Doriot. Arthur Rock, mmoja wa wanafunzi wake, ndiye aliyewatafutia fedha waanzilishi wa Fairchild Semiconductor mwaka 1957, kisha wa Intel mwaka 1968. Tom Perkins, naye mwanafunzi wake, alishiriki kuanzisha Kleiner Perkins mwaka 1972. Bill Elfers, aliyefanya kazi chini ya Doriot kwenye American Research and Development, aliondoka akaanzisha Greylock mwaka 1965. Mwalimu mmoja, na nusu ya ukoo wa mitaji ya Marekani ikatoka mikononi mwake. Sasa weka kando ya orodha hiyo tarehe nyingine: Harvard Business School ilianza kuwapokea wanawake kwenye programu yake kamili ya miaka miwili mwaka 1963. Doriot aliacha kufundisha mwaka 1966.

Toleo hili linazungumzia programu za uanagenzi zinazowapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu kwenye mifuko ya mitaji ya kampuni changa, hasa wanafunzi wa makundi ambayo kwa muda mrefu hayakuonekana humo. Wapo wanaoziona kama hisani mpya, zawadi ya zama za ujumuishi. Sisi tunaona vingine. Uanagenzi wa wanafunzi ni mila ya zamani ya biashara hii; kilichobadilika ni kwamba sasa kuna watu wanaouliza mlango unafunguliwa kwa nani. Na hoja yetu ni kwamba mlango pekee hautoshi. Mwanafunzi asiyepewa mamlaka ya kuamua juu ya fedha, hata kidogo, atatoka humo na cheti na picha za pamoja tu.

Ili kuona kwa nini tunasema hivyo, tuangalie mfuko wenyewe unavyoendeshwa. Wenye fedha, yaani mifuko ya pensheni, mashirika ya bima, vyuo vikuu na familia za kitajiri, hukabidhi fedha zao kwa wabia wachache. Kwa kawaida wabia hutoza asilimia 2 kwa mwaka za uendeshaji, na faida ikipatikana huchukua asilimia 20 yake. Mfuko wa dola milioni 50, basi, una kama dola milioni 1 kwa mwaka ya kulipia mishahara, pango, safari na mawakili. Ofisi ya aina hiyo ina watu wanaohesabika kwa vidole. Haina idara ya ajira wala haitangazi nafasi gazetini. Ikihitaji mtu, mbia hupiga simu kwa anayemfahamu. Halafu kuna suala la muda. Mfuko huishi takriban miaka 10 kabla hesabu haijafungwa, na anayetaka kukabidhiwa mfuko wake mwenyewe huulizwa kwanza: umewahi kuamua kuwekeza wapi, na ikawaje? Asiye na rekodi hapewi fedha, na asiye na fedha hana namna ya kutengeneza rekodi.

Waswahili wamesema mcheza kwao hutunzwa, na katika biashara hii kwao kunajulikana. Mwaka 2018 mwekezaji Richard Kerby alipitia wasifu wa wawekezaji wapatao 1,500 nchini Marekani akakuta asilimia 40 wamesoma Harvard au Stanford. Vyuo viwili, katika nchi yenye maelfu ya vyuo. Fedha nazo hufuata njia hiyohiyo. Marekani, kampuni zilizoanzishwa na wanawake pekee hupata takriban asilimia 2 ya mitaji hiyo. Uingereza, ripoti ya British Business Bank ya mwaka 2019 ilionesha kwamba katika kila pauni 1 iliyowekezwa, timu za waanzilishi wanawake pekee zilipata chini ya peni 1.

Mwenye mfuko anaweza kujibu kwamba yeye hutafuta faida, na haki ni kazi ya serikali. Basi tuzungumze faida. Mwaka 2016 Paul Gompers wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wawekezaji zaidi ya 3,000. Waliona kwamba wawekezaji waliosoma chuo kimoja, waliowahi kufanya kazi mahali pamoja au walio wa asili moja hupenda kuwekeza pamoja, na kwamba uwekezaji huo wa marafiki una uwezekano mdogo zaidi wa kufanikiwa. Katika utafiti mwingine, Gompers na Sophie Wang walikuta jambo la kuchekesha lenye uzito: wabia waliojaliwa mabinti wengi zaidi waliajiri wanawake wengi zaidi, na mifuko yao ikafanya vizuri zaidi. Kumbe urafiki una gharama, na anayeilipa ni mstaafu ambaye pensheni yake imo ndani ya mfuko.

Hapo ndipo programu za wanafunzi zinapoingia, nazo hazifanani. Mfano mmoja ni HBCUvc, iliyoanzishwa na Hadiyah Mujhid mwaka 2017 ili kuwafundisha kazi ya uwekezaji wanafunzi wa vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi enzi za ubaguzi, na kuwakutanisha na mifuko isiyofika kwenye vyuo hivyo. Mfano mwingine ni Dorm Room Fund, ulioanza Philadelphia mwaka 2012 kwa fedha za First Round Capital. Huko wanafunzi wenyewe husikiliza wenzao wanaonadi mawazo yao, hujadiliana, hupiga kura na kutoa hundi, ambayo mwanzoni ilikuwa aghalabu ya dola 20,000. Ubora wa programu ya kwanza uko katika mahali inapotafuta watu. Ubora wa ya pili uko katika kile inachowaachia mikononi, ingawa mfuko huo ulienea kwanza New York, Boston na eneo la San Francisco, ambako fedha zilikuwa zimeshazoea kwenda. Tunachotetea ni kuunganisha mambo hayo mawili: kumtafuta mwanafunzi mahali pasipotafutwa, kisha kumpa hundi.

Hundi ina maana kubwa kuliko kiasi kilichoandikwa juu yake. Mwanafunzi anayekaa kikaoni akiandika muhtasari hujifunza msamiati. Anayejua kwamba jina lake litabaki kwenye uamuzi hujifunza kusoma hesabu za kampuni kwa jicho la mtu atakayeulizwa. Ataifuatilia kampuni hiyo miaka mitano baadaye, wakati wengine wameisahau. Akiwa na umri wa miaka 21 ameanza kuhesabu ile miaka 10 ambayo wenye fedha huitaka. Mwenzake anayeingia akiwa na miaka 35 ataifikisha akiwa na 45. Na hasara inayohofiwa ni ndogo. Hundi 10 za dola 20,000 ni dola 200,000, yaani asilimia 0.4 ya mfuko wa dola milioni 50. Wabia hupoteza zaidi ya hapo kwa kampuni moja waliyoambiwa na rafiki.

Yako masharti mengine. La kwanza ni posho. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayeishi kwa kusubiri boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa elimu ya juu, hawezi kufanya kazi bure likizo nzima katika ofisi iliyoko Masaki, hata akiambiwa ni fursa ya maisha. Programu isiyolipa imeshachagua watoto wa wenye uwezo kabla ya fomu ya kwanza kujazwa. La pili ni sehemu ya faida. Kampuni aliyoichagua mwanafunzi ikifanikiwa, naye apate chake katika ile asilimia 20, hata kama ni chembe, kwa sababu utajiri wa wabia haujatokana na mishahara. La tatu, linalosahauliwa kuliko yote, ni kufundishwa kuuliza. Dana Kanze na wenzake walichunguza maswali yaliyoulizwa kwenye mashindano ya TechCrunch Disrupt jijini New York kati ya 2010 na 2016. Wanaume waliulizwa zaidi watakuaje. Wanawake waliulizwa zaidi watajilindaje wasianguke. Walioulizwa kuhusu kukua walikusanya fedha nyingi zaidi kwa mbali. Kilichotushtua ni hiki: wawekezaji wanawake nao waliuliza vivyo hivyo. Kumweka binti mezani hakubadilishi kitu ikiwa amefundishwa maswali yaleyale.

Kuna jambo la sheria ambalo waandaaji wa programu hizi hawawezi kulikwepa. Fearless Fund wa Atlanta, ulioanzishwa mwaka 2019, ulikuwa na shindano la kutoa dola 20,000 kwa wanawake Weusi wenye biashara. Agosti 2023 ulishtakiwa na American Alliance for Equal Rights, kikundi cha Edward Blum, ambaye pia alikuwa nyuma ya kesi iliyoiondolea Harvard, Juni mwaka huohuo, haki ya kuzingatia rangi katika udahili. Walalamikaji waliegemea sheria ya mwaka 1866, iliyotungwa ili watu waliotoka utumwani waweze kuingia mikataba kama raia wengine. Juni 2024 mahakama ya rufani ilizuia shindano hilo kwa kura mbili dhidi ya moja, na Septemba pande hizo zikapatana, shindano likafungwa. Unaweza kuuona mgeuko huo wa sheria kuwa kejeli ya historia, nasi tunauona hivyo. Lakini anayepanga programu leo Marekani anapaswa kusoma hukumu hiyo kwa utulivu. Kuwafungia nje watu wa rangi fulani kumekuwa njia ya hatari. Kuhamisha mahali pa kutafutia hakujapigwa marufuku. Nenda kwenye vyuo vya umma, kwa wanaosoma jioni baada ya kazi, kwenye miji ambayo hakuna mfuko hata mmoja, kisha fungua milango kwa wote waliopo huko.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watu wa upande wetu. Wanasema programu za wanafunzi zimegeuka kisingizio: mfuko unapokea vijana wanne kila mwaka, unawapiga picha, na meza ya wabia inabaki ilivyokuwa. Wanasema pia kwamba wanawake na watu Weusi wenye uzoefu wa kuendesha mifuko wapo tayari, na wanachokosa ni fedha, wala si mafunzo. Wako sahihi. Programu ya wanafunzi haiwezi kuwa mbadala wa kuwakabidhi fedha waliokwisha kujithibitisha. Lakini hoja yao inatilia nguvu yetu. Kipimo cha programu ni walioshika kalamu ya kusaini baada ya miaka 10, na hicho hakiwezi kupimwa kwa idadi ya waliohitimu.

Msomaji wa Kisumu au Dodoma anaweza kuuliza haya ya Boston na Atlanta yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu sehemu kubwa ya fedha zinazoingia katika kampuni changa za Nairobi hupita kwenye ofisi za aina hiyohiyo, na simu hupigwa kwa namna ileile. Uchambuzi wa Viktoria Ventures ulionesha kwamba kati ya kampuni changa za Kenya zilizopata zaidi ya dola milioni 1 mwaka 2019, ni asilimia 6 tu zilizoongozwa na wenyeji. Mtanzania Benjamin Fernandes, ambaye kampuni yake ya NALA ilikusanya dola milioni 40 mwaka 2024, alisoma Stanford. Hatumpunguzii sifa, kazi aliyofanya inaonekana. Tunachosema ni kwamba njia ya kijana wa Kitanzania kwenda kwenye fedha hizo haipaswi kupita lazima California.

Na sisi wenyewe tumekuwa tukiangalia upande mmoja. Tuna vituo vingi vya kumfundisha kijana kuomba fedha. MEST iko Accra tangu 2008, iHub Nairobi tangu 2010, na Tony Elumelu Foundation imekuwa ikitoa dola 5,000 kwa wajasiriamali wa Afrika tangu 2015. Kazi njema zote. Lakini nani anamfundisha kijana wa Makerere, wa Chuo Kikuu cha Nairobi au wa Mlimani kutoa fedha: kupima, kukataa, kujadili bei ya hisa, kukaa kwenye bodi? Tukiendelea hivi tutalea kizazi hodari wa kunadi mawazo yake mbele ya watu ambao hawajawahi kupanda daladala.

Chombo cha kubadilisha hali hii kipo. Kanuni za Kenya zinaruhusu mfuko wa pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali zake katika mitaji ya kampuni binafsi, zikiwemo kampuni changa. Hizo ni fedha za walimu, wauguzi na makarani. Wadhamini wanaozisimamia wana haki ya kumwekea masharti kila mbia anayezitaka, na sharti tunalolipendekeza ni jepesi: nusu ya asilimia ya mfuko iamuliwe na wanafunzi wa vyuo vyetu, wanaolipwa posho, ambao majina yao yameandikwa kwenye uamuzi na wenye sehemu yao katika faida. Mbia atakayesema haliwezekani aeleze, kwa hesabu, ni hasara gani anayoiogopa.

Makala zinazofuata hazikubaliani zote nasi, na hatukutaka zikubaliane. Wapo wanaoona tunadai kidogo mno, na wapo wanaoona fedha za wastaafu si mahali pa kujifunzia. Zisome ukiwa na swali moja: katika kila programu inayosifiwa, mwanafunzi alipewa kuamua nini?