Wazee wa Kariakoo Warekodiwe Sasa

Ndugu zangu wa Kariakoo, pamoja na nyinyi mliouza nyumba za wazazi mkahamia Mbagala, Tabata na Kigamboni: zile nyumba zetu za vyumba sita, ukumbi katikati na uwani nyuma, zimebaki za kuhesabu. Siwalaumu waliouza. Warithi kumi hawawezi kugawana vyumba sita, lakini fedha wanagawana. Ghorofa siwezi kulizuia. Ninachowaomba ni kuwarekodi waliokulia ndani ya nyumba hizo, mwaka huu, wangali na kumbukumbu zao.

Msidhani habari zetu zimeandikwa mahali. Mtaa wetu umepata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hao walibeba mizigo ya vita, na karibu wote wametuachia jina hilo tu.

Tazameni tulivyoponea chupuchupu kuzipoteza habari za akina mama wa TANU. Chama kilizaliwa hapa hapa tarehe 7 Julai 1954, New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Kwa miaka mingi habari zake zilisimuliwa kama kazi ya wanaume wachache waliosoma. Miaka ya 1980 mtafiti Mmarekani, Susan Geiger, aliketi na Bibi Titi Mohamed na wenzake, akawasikiliza na kuwarekodi. Ndipo ikaonekana wazi jinsi vikundi vya ngoma, vyenye viongozi na wanachama wao tayari, vilivyoingiza wanawake kwa wingi katika chama. Bibi Titi mwenyewe alitoka humo, mwimbaji. Kitabu cha Geiger kilitoka mwaka 1997. Miaka mitatu baadaye Bibi Titi akafariki. Namshukuru mtafiti huyo kwa moyo wote, lakini inaniuma kwamba wajukuu tuliokuwa tunakula sahani moja na bibi hao hatukuwauliza.

Tuwaulize basi waliobaki, na tuwaulize vizuri. Ukimwambia mzee akueleze historia ya Kariakoo, atakupa hotuba ya Uhuru aliyoisikia redioni. Muulize chumba cha kwanza kulia alipanga nani, alitoka wapi, alilipa kodi kiasi gani. Maji mlichota wapi? Msiba ukitokea, nani alishika masufuria? Siku ya Simba na Yanga, uwani palikuwaje? Kama miguu bado inamruhusu, tembea naye kutoka Msimbazi hadi Mnazi Mmoja, simu ikirekodi. Akifika kwenye kona atakumbuka jambo ambalo hangelikumbuka akiwa kitini. Wapangaji wasisahaulike, maana hati za nyumba hazikuwahi kuwa na majina yao. Na akina mama wahojiwe na wanawake wenzao, faragha, si mbele ya watoto wao wa kiume.

Kabla ya lolote, mzee aseme kwa sauti yake kwamba ameridhia, na nani anaruhusiwa kusikiliza. Yatatoka mambo ya ndoa, ya madeni, ya siasa. Akisema hili liondolewe, liondolewe bila kumbembeleza.

Rekodi isiishie kwenye simu wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Iandikwe jina la mtaa, namba ya nyumba na tarehe, kisha zitengenezwe nakala tatu: ya familia, ya msikiti au kanisa la jirani, na ya tatu tuipeleke kwa pamoja kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuombe ihifadhiwe. Tukienda na rekodi za mitaa mizima, itakuwa vigumu kuturudisha. Vijana wenye maduka ya simu hapo Kariakoo, kazi ya kunakili ni yenu. Mnaijua kuliko sisi.

Mwenye shangazi Magomeni au baba mdogo Buguruni aliyewahi kuishi Narung'ombe, Sikukuu au Mkunguni, ampigie leo amwombe nafasi Jumapili hii.