Satelaiti « Uhuru » iliruka kutoka Malindi, lakini elimu ilibaki kwa nani?

Mutu akipigwa radio ya kifua hospitalini, miale inapita ndani ya nyama, mfupa unaizuia. Ndiyo maana mfupa unaonekana mweupe kwenye picha. Wataalamu wa anga wanatumia njia ya namna hiyo kujua kilichojificha katikati ya galaksi za mbali. Na satelaiti ya kwanza ya kazi hiyo iliruka kutoka mwambao wa Waswahili.

Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru. Waitalia walirusha satelaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Pale ni karibu na ikweta, na mzunguko wa Dunia unasaidia roketi kupanda. Satelaiti ikapewa jina la Uhuru.

Iliona nini? Hewa yetu inazuia miale hiyo isifike chini, basi lazima chombo kiende juu. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339. Kimoja ni galaksi NGC 4151, yenye shimo jeusi kubwa sana katikati. Shimo lenyewe halitoi mwangaza, ila gesi inayoangukia humo inapata moto mkali na kutoa miale.

Vipimo vya baadaye, vikiwemo vya Ariel 5 iliyorushwa palepale mwaka wa 1974, vilionyesha kwamba miale laini ya galaksi hiyo inapungua sana, ile mikali inapita. Maana yake kuna wingu zito la gesi mbele. Mutu akiangalia miale laini peke yake, atasema kiini kile ni zaifu, kumbe kimefunikwa tu.

Faida nayo ilifunikwa. Mwaka wa 2002 Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia aliyeongoza kazi ya Uhuru huko Marekani, alipata Tuzo ya Nobel. Kenya ilitoa bahari na jina. Roketi ya mwisho iliruka pale mwaka wa 1988. Mapatano ya 2016, yaliyoanza kutumika 2020, yaliandika mambo ya kufundisha Wakenya na kuwapa data. Hata hivyo Taifa-1, satelaiti ya Kenya, mwaka wa 2023 ilienda kurushiwa California.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, basi jambo hili linahusu pia wakaaji wa Ubwari, Baraka na Fizi. Kampuni ikija juu ya dhahabu ya Misisi ao juu ya ziwa, watu wanauliza kwanza: italipa franga ngapi? Malindi inaongeza swali la pili: vijana wetu watabaki wanajua kufanya nini? Swali hilo liulizwe mbele ya kutia sahihi.