Kutafakari si kulala

Mara nyingi tumesikia watu wakiwacheka watawa wa dini ya Buddha. Wasema: "Watazameni wale! Nyumba ya jirani inaungua, nao wamefumba macho, wanafuata pumzi zao. Mtoto analia kwa njaa, nao wanaimba. Je, wimbo utamshibisha?"

Swali hilo si la kijinga. Mwenye njaa hashibi wimbo. Lakini wanaouliza hivyo wamekwisha kukata hukumu kabla ya kusikiliza shahidi hata mmoja. Basi sisi tutamleta shahidi.

Kwanza tujue watawa hao wanafanya nini. Buddha alipoanza kufundisha, karibu na mji wa Benares katika Bara Hindi, karne kadhaa kabla ya Kristo, alianza na mateso: kuzeeka, kuugua, kufa, kutengwa na wapendwa. Hakusema kwamba mateso si kitu. Alifundisha kwamba mtu aliyechomwa mshale hujichoma mwenyewe mshale wa pili. Maumivu ni mshale wa kwanza. Hasira, hofu na manung'uniko ni wa pili. Anayetafakari huketi kimya, huifuata pumzi yake ikiingia na kutoka, na kuyatazama maumivu yake bila kugeuza uso. Na katika nyimbo zao, zinazoimbwa hata karibu na wagonjwa na maiti, huwatakia heri viumbe vyote, hata adui. Je, huko ndiko kukimbia mateso? Mlevi ndiye anayekimbia. Huyu ameketi mbele yake.

Sasa shahidi wetu. Tarehe 17 Aprili 1975 jeshi la Khmer Rouge liliuteka mji wa Phnom Penh, katika nchi ya Kamboja. Kwa muda usiotimia miaka minne, watu zaidi ya milioni moja na nusu walikufa kwa kuuawa, kwa njaa, kwa maradhi na kwa kazi za nguvu. Watawa walivuliwa mavazi yao, wengi wakauawa, na mahekalu yakabomolewa au kugeuzwa maghala.

Wakati huo mtawa mmoja Mkamboja, Maha Ghosananda, alikuwa Thailand, akitafakari msituni. Jamaa yake yote iliangamia. Je, aliendelea kufumba macho? La! Alitoka msituni akaenda katika kambi za wakimbizi mpakani. Akawagawia watu karatasi zenye mafundisho ya Buddha juu ya upendo, akaimba pamoja nao. Watu waliokuwa wamekatazwa kusali kwa miaka walilia machozi.

Wala hakuishia katika kuimba. Mwaka 1992, baada ya mapatano ya Paris ya 1991, aliongoza matembezi ya amani pamoja na wakimbizi, kwa miguu, kutoka mpaka wa Thailand hadi Phnom Penh. Mwaka 1993, kabla ya uchaguzi uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, walitembea tena, wakipita katika sehemu za vita. Mwaka 1994 walinaswa katikati ya risasi. Mtawa mwanamume na mtawa mwanamke wakauawa. Na mwaka 1995 wakatembea tena. Enyi mnaocheka, watu waliolala hutembea hivyo?

Lakini tuna neno pia kwa wale wanaosifu bila kupima. Huko Ulaya na Marekani wengine wamegeuza tafakari kuwa bidhaa: lipa fedha, sikiliza simu yako dakika kumi, upate usingizi, kesho urudi kazini. Kupata usingizi si kosa. Lakini Buddha aliifunga tafakari pamoja na amri: usiue, usiibe, usiseme uongo. Ukiziondoa amri hizo, kinachobaki ni dawa ya usingizi tu.

Tazama Myanmar. Mwezi wa Septemba 2007 watawa kwa maelfu walitoka barabarani mbele ya askari, wakiimba wimbo wa upendo. Miaka michache baadaye watawa fulani wa nchi ile ile walihubiri chuki juu ya Waislamu. Na mwaka 2017 jeshi lilipowashambulia Warohingya, watu zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh. Wimbo ni ule ule, mavazi ni yale yale. Basi wimbo si hirizi. Haumlindi jirani ikiwa moyo wa mwimbaji umefungwa.

Nasi Wakristo tusiwe wepesi wa kudharau. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba Kanisa halikatai lo lote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, nao ukautaja Ubuddha kwa jina lake. Na rozari yetu je? Mtu akitutazama kwa mbali, huona midomo inayotikisika tu. Naye aweza kutuuliza swali lile lile: jirani yenu analia, ninyi mnahesabu shanga?

Tumjibu nini? Jibu ni moja, kwao na kwetu. Asimpime mtu wakati ameketi na kufumba macho. Amngoje asimame, kisha atazame miguu yake inakwenda wapi.