Alama ya Sigma na Fumbo la Dagaa

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliwapa watoto wa Kibirizi fumbo hili: mvuvi alipata ndoo 10 za dagaa usiku wa kwanza, kisha kila usiku akaongeza ndoo 3, je, kwa siku 20 alipata ndoo ngapi? Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbalamwezi ikitoka je?" Mwalimu hakuwa na jibu. Aligeukia ubao, akaandika Σ na kanuni aliyoikariri sekondari.

Mtoto yule alikuwa na haki. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazifui dafu mbele yake, na mitumbwi hupumzika. Mavuno ya ziwani hayaongezeki kwa kiasi kilekile kila usiku, na watoto wa wavuvi wanalijua hilo kuliko sisi.

Si nia yangu kuibeza sigma. Ni herufi ya Kigiriki inayolingana na S, na Leonhard Euler aliitumia kuonyesha jumla mwaka 1755. Faida yake kwa mwalimu ni kumlazimisha ajibu maswali matatu kabla ya kukokotoa: naanzia wapi, naishia wapi, na kila hatua ina thamani gani? Kosa letu ni kuiandika bila kuyajibu.

Tuchukue fumbo jingine. Mama muuza dagaa anaweka akiba ya Sh. 2,000 wiki ya kwanza, na kila wiki inayofuata anaweka Sh. 500 zaidi ya wiki iliyotangulia. Baada ya wiki 12 atakuwa na akiba kiasi gani? Hapa ongezeko linaaminika, kwa kuwa ni uamuzi wake mwenyewe. Kwa sigma twaandika:

Σ (1,500 + 500k), k ikianzia 1 na kuishia 12.

k ikiwa 1 twapata 2,000. Ikiwa 12 twapata 7,500. Asiyehakiki huongeza 500 mara 12 badala ya mara 11, akadhani wiki ya mwisho ni 8,000 na jumla ni 60,000. Jumla sahihi ni 57,000. Amemhesabia mama yule Sh. 3,000 ambazo hazimo kibindoni.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, sigma na ibaki katika andalio lako la somo. Darasani, watoto waziandike namba zote 12, kisha waiunganishe ya kwanza na ya mwisho, ya pili na ya kumi na moja, hadi ziishe. Kila jozi ni 9,500, na jozi ni 6; wataipata 57,000 wenyewe, na wataweza kueleza sababu yake.

Mtoto aliyefundishwa hivyo, akikutana na sigma sekondari, ataiona kuwa ni ufupisho wa jambo analolijua. Aliyepewa alama kabla ya maana ataikariri tu, na siku moja atakuja chuoni kwetu kuwa mwalimu.