Tumnusuru Fundi Pikipiki: Kinyanyuliwe Chombo, Usiinamishwe Mgongo

Katika mji wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo inayomfikisha mama mjamzito kliniki kutoka Machochwe, Issenye au Nata. Ndiyo inayombeba mhudumu wa afya na sanduku lake la chanjo. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kutoa huduma ya usafiri wa abiria kwa leseni, kazi hiyo imezidi kuenea, na pamoja nayo imeenea kazi nyingine isiyosemwa sana: ya fundi anayezitengeneza uani kwake, ameinama au kuchutama tangu asubuhi hadi jua linapotua.

Hoja ya makala haya ni kwamba kifaa cha kunyanyulia pikipiki, kiwe jeki, meza au jukwaa, ni kifaa cha afya kabla hakijawa kifaa cha gereji. Kwa sababu hiyo kichaguliwe kwa uangalifu uleule tunaoutumia kuchagua dawa, na wahudumu wa afya wasione kwamba jambo hili haliwahusu.

Tuanze na mgongo wenyewe. Sehemu ya mwili iliyo juu ya kiuno hufikia takribani nusu ya uzito wote wa mtu. Anaposimama wima, uzito huo hukaa juu ya pingili za uti wa mgongo. Anapoinama mbele, misuli ya mgongo hulazimika kuushikilia kwa nguvu kubwa usianguke, na nguvu hiyo yote hukandamiza visahani laini vilivyo kati ya pingili. Daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alipima mgandamizo ndani ya visahani hivyo kwa watu walio hai katika miaka ya 1960, akaonyesha wazi kwamba kuinama mbele huuongeza kuliko kusimama wima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaowatia watu wengi kiasi hicho katika ulemavu.

Sasa tumtazame fundi. Pikipiki zilizozoeleka katika barabara zetu, kama vile Boxer na TVS, huwa na uzito wa takribani kilo 110 hadi 125. Ili atoe gurudumu la nyuma bila kifaa, fundi huinua mkia wa pikipiki kwa mikono na msaidizi akasukumia jiwe, gogo au kreti la soda chini ya injini. Nusu ya uzito huo ni kilo 60 hivi. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, imeweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kunyanyuliwa na mtu mmoja hata pale mazingira yanapokuwa bora kabisa. Wengine huilaza pikipiki ubavu, petroli ikavuja na kulowesha mikono na ardhi karibu na jiko la nyumbani. Na kreti likiteleza, kilichopo chini yake ni vidole, na mara nyingine mguu wa mtoto aliyekuja kutazama.

Vifaa vya kuondoa adha hiyo ni vya aina nne hasa. Kuna stendi ya nyuma, inayonyanyua gurudumu moja sentimita chache; hiyo humwondolea fundi kazi ya kunyanyua, lakini humwacha ameinama vilevile. Kuna jeki ya mkasi, inayoingia chini ya injini. Ni ndogo na bei yake si kubwa, lakini hudai sakafu ngumu iliyo sawa, na chombo kikiwa juu yake huyumba kirahisi. Kuna meza ya haidroliki inayopandishwa kwa kukanyaga pampu, na nyingine ya namna hiyo inayotumia upepo wa kompresa. Mwisho kuna jukwaa lisilopanda wala kushuka, la chuma au mbao, linalopandiwa kwa mteremko.

Kwa maoni yangu, gereji ya nyumbani Mugumu ina chaguo mbili tu zinazofaa: meza ya haidroliki ya kukanyaga, au jukwaa. Ya kompresa hutegemea umeme, na umeme ukikatika pikipiki ikiwa juu, kazi husimama. Meza ya kukanyaga ina sifa kubwa: huanza chini kabisa, hivyo hakuna anayesukuma chombo kupanda mlima. Lakini mnunuzi asishawishiwe na rangi inayong'aa. Aangalie mambo manne. Kwanza, ubavuni iandikwe uwezo wa angalau kilo 300, kwani fundi hugonga, huvuta na huegemea, na vyote hivyo ni mzigo. Pili, iwe na kizuizi cha chuma kinachoingizwa baada ya kupandisha. Mafuta ya haidroliki peke yake hayaaminiki, kwa maana sili moja ikipasuka meza hushuka bila kuaga. Tatu, iwe na kibano cha gurudumu la mbele na sehemu za kufungia mikanda pande zote mbili. Nne, muuzaji aonyeshe zinakopatikana sili za akiba. Asipoweza, siku ya kwanza ya kuvuja itaifanya meza hiyo kuwa kitanda cha kuku. Rahisi, walisema wahenga, ni ghali.

Jukwaa la kuchomelewa na fundi chuma wa hapahapa halina sili wala pampu, na ndilo ninalolipendelea kwa anayeanza. Kinachohitajika ni vipimo sahihi. Kiwiko cha mwanamume mwenye kimo cha sentimita 170 huwa takribani sentimita 105 kutoka ardhini, na kazi inayohitaji nguvu hufanyika vizuri chini kidogo ya kiwiko. Ekseli ya gurudumu la inchi 17 iko sentimita 30 hivi kutoka chini ya tairi. Basi jukwaa likiwa na kimo cha sentimita 60, ekseli itakuwa sentimita 90, na injini itakuwa mbele ya mikono ya fundi akiwa amesimama wima. Urefu wa mita 2 na zaidi kidogo, na upana wa sentimita 60 au 70, hutosha.

Mteremko nao usifanywe mfupi kwa kubana chuma. Kupandisha kilo 120 hadi sentimita 60 kwa mteremko wa mita 3 kunahitaji nguvu ya kusukuma ya takribani kilo 24, ukiacha msuguano. Watu wawili hugawana mzigo huo bila taabu. Ukiufupisha hadi mita moja na nusu, nguvu hiyo huwa maradufu. Pembeni pawekwe kipandio cha yule anayeshika usukani, na sakafu ya jukwaa iwe ya bati lenye vinundu, kwani oili na tope la masika huteleza. Miguu ya jukwaa isimame juu ya zege au mawe yaliyopangwa sawasawa, si juu ya udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi.

Wapo watakaosema kwamba mafundi wakongwe wamefanya kazi miaka mingi bila haya yote. Ni kweli, lakini tunaowaona ni wale ambao migongo yao ilihimili. Aliyeshindwa aliiacha kazi zamani, naye hayupo gerejini tumhesabu. Wengine hudumu kwa vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa kila wiki dukani bila cheti, dawa ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Gharama hiyo nayo ingewekwa kwenye hesabu ya jukwaa.

Kwa wahudumu wa afya nina ombi moja. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawahimiza matabibu waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Fundi anayekuja na maumivu ya kiuno aulizwe anafanyia kazi wapi na katika kimo gani. Kumwambia apumzike, ilhali watoto wanamngoja, ni kumpa ushauri asioweza kuufuata. Kumwambia apandishe pikipiki ni kumpa ushauri anaoweza kuutekeleza. Na mgonjwa ajue dalili zisizongoja: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri na makalio, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini fidia hiyo hutegemea michango ya mwajiri, na fundi wa uani hana mwajiri wa kumchangia. Mgongo wake ndio bima yake. Kwa hiyo vikundi vya vijana vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri viandike jukwaa au meza ya kunyanyulia katika orodha ya vifaa, pamoja na spana, na maofisa wanaopitia maombi hayo wasikifute kipengele hicho kwa kudhani ni mapambo. Mafundi watano wakichangia jukwaa moja, wamejikinga wote, na pikipiki inayompeleka mama kujifungua usiku itaendelea kupata mtu wa kuitengeneza.